Ukuta wa Chumba cha Ghati

Siku niliyokabidhi brashi zangu pale karakana mlinifunga khanga mbili na kuniambia nikapumzishe kifua. Mlisema pia niwaandikie machache ya kazi, ninyi mnaobaki, kwa kuwa mzee Makuru alikufa bila kuandika hata mstari mmoja, na mengi aliyoyajua tuliyazika naye Natta. Nimekaa miezi minne nikitafuta pa kuanzia. Humu hamtakuta habari za nani alipandishwa cheo na nani alirukwa. Hayo mnayajua na bado mnayagombea. Humu mna kuta. Nimepaka kuta miaka thelathini na miwili, Tarime na Serengeti: madarasa, zahanati, nyumba za walimu, makanisa, na siku za Jumamosi vyumba vya watu wa kawaida. Ama kuhusu kifua, kifua changu ni kizima. Niliwadanganya. Nitafika huko.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na saba na watoto wawili. Mume wangu alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu mkoa mwingine akaoa huko huko. Karakana ilinichukua kama mwosha brashi. Mafundi waliapa kwamba petroli itaniangusha kabla ya Ijumaa. Ijumaa ilifika, na aliyeanguka alikuwa fundi seremala, tena si kwa petroli.

Mzee Makuru ndiye aliyeniomba kwa msimamizi. Alikuwa Mnata, mfupi, mwenye Kiswahili cha kuhesabika, na alikuwa amechoka na vijana waliopaka rangi kama wanaofukuza nzi. Wiki ya kwanza hakunipa brashi. Alinifunga macho kwa kitambaa, akanishika bega na kunizungusha ndani ya nyumba moja ya mwalimu, akawa ananisimamisha mbele ya kila ukuta na kuniambia ninuse, niseme. Nikikosea hakunisahihisha, alinirudisha palepale. Kwa namna hiyo nilijua kwamba saruji mbichi inanuka kama sarafu iliyolowa, kwamba udongo mkavu unanuka vumbi na udongo uliokunywa maji unanuka mtungi, kwamba ukuta uliokula moshi wa miaka mingi unanuka samaki hata kama mle hamjawahi kuingia samaki. Penye popo darini hata kitambaa hakikuhitajika.

Baada ya pua ulifuata mkono. Unageuza kiganja, unaweka mgongo wa mkono ukutani, unangoja. Lakini mkono ni wa pili, alisema mzee Makuru, kwa sababu mkono unadanganywa na jua na pua haidanganywi. Ukuta unanuswa kabla ya kupakwa. Aliniambia hivyo siku ya kwanza na aliniambia tena siku nilipokwenda kumwona kitandani, akiwa hawezi tena kukumbuka jina langu.

Kazi ya kutoa harufu tuliianza kwa bahati. Kambi moja ya watalii upande wa Natta ilipaka vyumba vyake siku mbili kabla ya wageni kufika, na wageni walipofika walikataa kulala. Tuliitwa sisi. Tulifungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana, maana ukifungua la upande mmoja unaizungusha harufu tu, haitoki. Tukatandaza mkaa mkavu kwenye mabeseni, tukakata vitunguu nusu nusu tukaviweka kwenye maji chini ya vitanda. Mgeni mmoja mama wa kizungu alimwuliza mzee Makuru kama vitunguu ni mila ya hapa. Mzee akajibu kwamba ndiyo, ni ya ukoo wake. Siku ya tatu wageni walilala.

Kuanzia hapo tuliitwa kila mahali, na mzee alipostaafu niliitwa mimi. Niwaachie machache ya maana. Vitunguu na mkaa vinasaidia, lakini kinachotoa harufu ni hewa na subira. Msikubali mtu awashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa eti akaushe rangi. Nimehudhuria msiba wa aina hiyo na sitaki mwingine. Msiruhusu mtoto mchanga wala mama mjamzito alale humo kabla siku hazijatimia. Na harufu ya rangi ikipita wiki mbili na madirisha yako wazi, hiyo si ya rangi tena, ni ya kitu kilicho chini yake. Hilo la mwisho nilikuwa nikilisema kila nilikokwenda. Watu wa Tarime nzima walikuwa wanalijua kuwa ni neno la fundi Robi.

Halafu zikaja nyumba za Nyangoto. Mnajua wenyewe kutegesha: fununu inapita kwamba eneo fulani litatwaliwa kwa ajili ya mgodi, na kabla wathamini hawajafika watu wanasimamisha vyumba haraka haraka ili navyo vihesabiwe kwenye fidia. Nyumba ya kutegesha hailalwi na mtu, lakini sharti ionekane inalalwa, kwa hiyo inapakwa rangi. Nilikwenda siku zangu za likizo, misimu mitatu. Nilifunga madirisha ili vumbi la barabara lisishike kwenye rangi mbichi, nikachanganya rangi ya mafuta na petroli badala ya tapentaini ili ikauke upesi, nikapaka mpaka vyumba sita kwa siku. Jioni nilikuwa natoka nimelewa bila kunywa. Pua yangu ilifia humo, ndani ya nyumba ambamo hakutarajiwa mtu wa kunusa chochote.

Niligundua kwa maharage. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka jikoni nachambua mchele, mara binti yangu Bhoke akaja mbio kutoka kwa jirani akiuliza kama nachoma nyumba. Sufuria lilikuwa jeusi na moshi umejaa, nami nilidhani ni wingu limefunika jua. Siku ile nilinusa kitunguu, nikanusa sabuni, nikafungua dumu la petroli nikaweka uso wangu wote pale. Ilikuwa kama kunusa maji. Zahanati nilimkuta tabibu kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Mtwara, akaniambia kuna pua zinazorudi na zisizorudi, kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nilimwambia nauza mboga.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema, na sikusema. Niliogopa. Jina langu lote lilikuwa pua, na nilibakiza miaka michache kumaliza kazi. Nikajifunza kunusa kwa nyuso za watu. Naingia chumbani na mwenye nyumba, namtazama anavyokunja uso, nakunja wangu kiasi hicho hicho. Kwenye kuta nilikuwa naweka pua, nahesabu moja hadi tano, naitikia kwa kichwa. Mkono ndio uliofanya kazi. Miaka mitatu nilifanya hivyo na hakuna kilichoharibika, nikaanza kuamini kwamba mzee Makuru aliipa pua heshima kupita kiasi.

Mama Wankuru wa Gorong'a alinifuata mwenyewe karakana, mwanzoni mwa Januari, akiwa na kikapu cha viazi vitamu kama shukrani ya mapema. Alikuwa amepita miaka sabini. Alizaa watoto wawili wa kiume na wote walikufa wakiwa wachanga, kisha mumewe naye akafa, akabaki na nyumba ya bati ya vyumba vitatu na shamba zuri linaloshuka mpaka kijitoni. Shemeji yake, mzee Mwita, alikuwa analiangalia shamba lile kwa namna ambayo kila mtu kijijini aliiona. Mama Wankuru aliniambia ameamua kuoa. Ninyi mliotoka mikoa mingine msishangae. Kwetu Wakurya mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke mwenzake, kwa ng'ombe na kwa sherehe kama ndoa zote, na watoto atakaozaa huyo aliyeolewa na mwanamume aliyechaguliwa wanaitwa kwa jina la nyumba yake na kurithi shamba lake. Tunaiita nyumba ntobhu, na aliyeolewa huwa mkwe wa aliyemwoa. Mwenyewe alisema kwa maneno mafupi kwamba asipofanya hivyo, siku akifa watasema pale hapakuwahi kukaa mtu.

Mwanamke aliyekubali kuja aliitwa Ghati. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, kwao ni ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na alikuwa amemkimbia mume aliyekuwa akimpiga. Nadhani alipima akaona heri mama mkwe. Mama Wankuru alitaka akute chumba cha mbele kimepakwa rangi ya bluu, ya mafuta, ile inayofutika kwa kitambaa. Ghati alikuwa afike Jumamosi. Ilikuwa Jumatano.

Niliomba ruhusa kazini, nikaenda siku iliyofuata. Ukuta ulikuwa laini, wa kijivu, hauna ufa hata mmoja, na nilifurahi kwa kuwa kuta za udongo kwa kawaida hunichosha kwa kuziba nyufa. Jua lilikuwa kali, bati linaalika juu ya vichwa vyetu, dirisha liko wazi upande wa upepo. Nikaweka mgongo wa mkono, ukuta ulikuwa wa moto na mkavu. Kisha nikaweka pua, nikahesabu moja hadi tano. Mama Wankuru alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya kunawa, ananitazama. Nikaitikia kwa kichwa, naye akaitikia. Jioni chumba kilikuwa kimekwisha, mikono miwili ya rangi, kinang'aa. Alikizunguka bila kugusa kitu, akasema hajawahi kulala mahali pazuri namna ile na wala hatalala, hicho ni cha mkwewe.

Mwezi mmoja baadaye aliniita. Chumba kilikuwa kinanuka. Nilikuta madirisha yamefunguliwa, Ghati amekaa nje anamenya mihogo, mwanamke mrefu mwenye kovu juu ya nyusi na sauti ya chini. Alinisalimia shikamoo vizuri, akaniambia hataki kumuudhi mama kwa kuwa mama amemtendea wema ambao hajaupata popote, lakini usiku ni kama kuna kitu kimefia chini ya kitanda. Nilimwambia rangi ya mafuta hukawia. Nikaweka mkaa, nikaweka vitunguu, nikaondoka.

Mara ya pili ilikuwa Aprili, mvua zimekolea. Ghati alikuwa na mimba changa na hakuweza kukaa chumbani muda wa kuhesabu kumi. Nilijua neno langu mwenyewe, kwamba harufu ikipita wiki mbili ni ya kitu kilicho chini ya rangi. Nilihamisha kitanda, nikapekua dari kutafuta panya, nikachimba kona mbili za sakafu. Ukuta sikuushuku, maana ukuta nilikuwa nimeupima. Kisha nikafanya kosa ambalo fundi wa mwaka wa kwanza hafanyi: nilipaka mkono wa tatu wa rangi ya mafuta juu ya ile miwili, eti niizibe harufu. Nilimwuliza Mama Wankuru kila saa kama imepungua. Alikuwa mtu wa adabu, na alikuwa anataka sana iwe imepungua. Akasema imepungua.

Mwishoni mwa Mei nilikwenda bila kuitwa, nikiwa natoka kupaka shule jirani, ili niangalie kazi yangu. Nilimkuta mzee Mwita uani na wazee wawili wa ukoo. Mama Wankuru alikuwa amesimama mlangoni pa chumba. Ghati alikuwa amelala kwenye mkeka ndani ya jiko la nje, ana mimba ya miezi minne, na mlango wa jiko ulikuwa wazi. Kwa hiyo yote yaliyosemwa aliyasikia.

Mzee Mwita alinikaribisha kwa heshima ambayo hajawahi kunipa. Aliwaambia wenzake kwamba Mungu ameleta mtu anayefaa, akaniomba niingie chumbani nao. Tuliingia. Wazee wale walifunika pua kwa pembe za makoti yao. Mama Wankuru hakufunika yake, alinitazama mimi tu.

"Fundi Robi," mzee Mwita aliniuliza, "wewe ndiye unayeitwa kwa mambo haya. Hii harufu ni ya rangi yako?"

Nimelirudia swali hilo mara nyingi. Ningeweza kusema ni ya rangi, wakangoja, na chumba kikapata muda. Ningeweza kusema kwamba pua yangu ilikufa na kwamba aulizwe fundi mwingine. Lakini nilichosikia pale ni mtu anayeitilia shaka kazi yangu mbele ya wazee, na mwezi mmoja kabla niliambiwa imepungua. Nikaweka pua ukutani. Nikahesabu moja hadi tano.

"Harufu ya rangi imekwisha zamani," nilisema. "Humu hamna kitu."

Wazee walitazamana juu ya pembe za makoti yao, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba nyuso zile sikuzisoma vizuri. Mzee Mwita hakupaza sauti.

"Mmemsikia. Sisi sote inatushinda, na mwenye kazi yake hapati rangi humu. Basi hiyo siyo ya rangi. Nyumba hii ilishakataa watoto wawili, na huyu wa tatu itamkataa."

Nilitaka kusema kitu nikasema nimechelewa gari. Nilipopita mbele ya jiko Ghati alikuwa ameketi, mikono yake yote miwili juu ya tumbo. Hakuniaga.

Asubuhi iliyofuata aliondoka. Nilisimuliwa baadaye kwamba Mama Wankuru alimsindikiza mpaka kijitoni amembebea mzigo, kwamba hawakugombana, na kwamba Ghati alilia akasema angebaki kama ni yeye peke yake. Alipanda kilima kuelekea barabara ya Sirari. Nami nilijiambia hayo ni maneno ya ukoo na mashamba, si ya fundi. Niliendelea na kazi. Nilikula, nililala. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli, si kwa sababu yananipendeza.

Mwezi wa nane mchwa walikuwa wamekula fremu ya mlango wa chumba kile, nikamchukua Marwa, seremala wetu mnayemjua, twende tuibadilishe bila malipo. Labda nilikuwa naanza kulipa kitu bila kukitaja. Marwa aling'oa fremu, na rangi ikaja nayo, ikabanduka ukutani kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, kipande cha ukubwa wa shuka. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi na umelowa. Funza walikuwa wanatembea katikati ya majani ya nyasi. Marwa alitoka mbio akatapika kwenye migomba. Mimi nilibaki nimesimama palepale, nauangalia, uso wangu hatua moja kutoka ukutani. Hilo peke yake lingemtosha Marwa kujua, lakini alidhani ni uzoefu.

Alirudi amejifunga shati puani. Alisema ukuta ule ulipakwa rangi ungali mbichi, tena si udongo mtupu, ni udongo na samadi, nene, na rangi ya mafuta imeufunga kama mtu aliyefungwa kwenye gunia. Samadi ilikosa pa kukaukia ikaoza. Marwa si fundi rangi, lakini amekulia kwenye nyumba ya udongo, na alishangaa iweje, kwa kuwa samadi mbichi hata kipofu anaijua mlangoni.

Mama Wankuru alikuwa nyuma yetu.

"Ni mimi," alisema. "Niliukandika mwenyewe wiki ile, nikaufuta na majivu ung'ae. Nilitaka mgeni wangu akute nyumba mpya. Fundi aliunusa, nilimwona kwa macho yangu. Labda kwake ilinuka kidogo tu. Kosa ni la mikono yangu."

Akaitazama mikono hiyo, mbele na nyuma. Marwa alinigeukia mimi. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, na nikainama nikachukua skrepa, nikaanza kukwangua.

Nilikwangua siku nne. Nawaambia namna yake, maana mtakutana nayo: mnatoa rangi yote hata inayoonekana nzima, mnatoa udongo mpaka mfikie tofali, mnatupa mbali na nyumba, mnapaka chokaa ya maji, kisha mnaacha mlango na madirisha wazi mwezi mzima bila kupaka kitu kingine. Msipake chochote cha mafuta juu ya udongo, hata mwenye nyumba akilia. Chumba kilipona. Mama Wankuru alituma ujumbe ng'ambo kwa Ghati kwamba imejulikana, ilikuwa samadi tu, arudi. Jibu lilikuja Desemba na mfanyabiashara wa vitenge. Ghati amepokelewa kwenye nyumba nyingine, ng'ombe wamekwisha kurudishwa na kutolewa upya, na mtoto amezaliwa. Wa kiume. Ana jina la watu wale.

Tangu hapo sikunusa tena ukuta kwa kujifanya. Nilimwita mmoja wenu kila mara, nikasema nawafundisha, nanyi mlinisifu kwa uvumilivu wangu. Nilipoona msimamizi anataka kunipa miaka miwili zaidi nilisingizia kifua. Sasa mnajua. Nuseni ukuta, na mwulizeni mwenye nyumba ameukandika lini, hata kama swali linawaaibisha. Vaeni kitambaa puani, fungueni madirisha, acheni petroli. Na siku pua ya mmoja wenu itakapokataa, aseme siku hiyo hiyo, mbele ya kila mtu, kabla hajaingia kwenye chumba cha mtu.

Wiki moja baada ya khanga zenu nilipanda pikipiki mpaka Gorong'a. Mama Wankuru amezeeka sana, macho yamefifia, lakini alinijua kwa hatua. Nilimwamkia shikamoo, akanipa kigoda ndani ya chumba kile. Kitanda kipo, kimetandikwa. Kuta ni tofali na chokaa tu, na hapa na pale chokaa imedondoka. Vyumba vingine viwili vilikuwa vimekandikwa vizuri, nikamuuliza nani anamfanyia. Alisema ni wasichana wa jirani. Yeye hajagusa udongo tangu siku ile ya Marwa, na chumba hiki hawaruhusu wale wasichana wakiguse. Aliniambia pia, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba wazee wamekaa na shamba litakuwa la Mwita.

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu Nyangoto na maharage na tabibu, na kwamba siku nilipoweka pua kwenye ukuta wake nilikuwa nahesabu moja hadi tano. Nilimwambia kwamba fundi yeyote mwenye pua angemwambia angoje miezi miwili, na Ghati angefika akakuta ukuta wa udongo, akalala. Nilimwambia kwamba siku ya wazee pia sikusikia harufu yoyote, wala ya rangi wala ya kitu kingine, na nilisema nilichosema kwa sababu ya kiburi. Nilimwomba msamaha. Niliongea muda mrefu na hakunikatiza.

Kuku walianza kuingia mlangoni, akawafukuza kwa mguu.

"Miaka mitatu nimelala naichukia mikono hii," alisema.

Kisha akanyanyuka akatoka. Nilidhani amekwenda kuwaita watu, na ningewangoja. Alirudi na beseni la udongo uliochanganywa na samadi, wa wale wasichana nadhani, akapiga magoti chini ya dirisha palipodondoka chokaa, akachota kwa kiganja na kuanza kukandika. Mikono ilisitasita mwanzoni, kisha ikakumbuka. Alikandika taratibu, akilainisha kwa ubavu wa kiganja, chumba ambacho hakina mtu wa kuja kulala. Niliinama nichote nimsaidie.

"Wacha," alisema bila kugeuka. "Wewe nenda nyumbani."